Maswali yenu: Mtoto kauliza kuhusu maji, kaambiwa haliko kwenye silabasi

SWALI: Anti shikamoo. Mi naishi huku Usa River, mwanangu wa kwanza yuko form two, meno yake yana ile rangi ya kahawia kama watoto wengi wa huku. Sasa walivyofika topiki ya maji kwenye kemia akanyoosha mkono akauliza mbona nyumbani tunachemsha maji kila siku na meno bado yanakuwa hivi, ticha akamjibu hilo haliko kwenye silabasi, darasa zima likacheka, kaja nyumbani kanuna hata kula hataki. Baba yake anasema aache ujuaji asome afaulu. Hivi hizi shule zinawafundisha watoto kufikiri kisayansi kweli au ni kujaza mtihani tu, na huku mtaani inatusaidia nini? – Mama D

JIBU: Marahaba mama D. Tuanze na swali la kijana maana ni zuri kweli. Tunakaa chini ya Meru, mlima wa volkano, maji yakipita kwenye ile miamba yanabeba floraidi, madini ambayo yakizidi yanatia meno ile rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita na vyanzo kibao vya huku vinapita hapo. Kuchemsha kunaua vijidudu ila floraidi haiendi popote, maji yanaondoka kama mvuke, floraidi inabaki kwenye sufuria, kwa hiyo ukichemsha sana ndo unaikoleza. Tena inashika meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi utotoni, ndo maana mtu aliyehamia Usa akiwa mkubwa meno yake hayabadiliki. Halafu kuna magadi! Watafiti wa meno walikuta huku kaskazini watoto wa sehemu zenye floraidi kidogo tu kwenye maji nao wana meno ya kahawia, kufuatilia mpaka jikoni wakakuta yale magadi tunayotia kwenye maharage na kiburu (ndizi na maharage) yanachangia.

Sasa huyo mtoto akichukua daftari akawauliza wenzake (kwa upole, meno yanatia watu aibu) nani kazaliwa huku, nani kahamia akiwa na miaka mingapi, kwao wanatumia maji gani na magadi wanatia au hawatii, hapo ameshaanza utafiti na hajagusa maabara ya mtu.

Kuhusu kuchekwa, msimulie habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa form three Magamba kule Lushoto, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndo unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi zinaisha akatumbukiza yake ya moto vilevile, ikawahi kuganda kuliko ya mwenzake ambaye hakuchemsha. Kumuuliza mwalimu akaambiwa umechanganyikiwa wewe, haiwezekani. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena mbele ya Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka chuo kikuu Dar, wenzake wakamcheka. Osborne aliporudi Dar akamwagiza fundi wa maabara ajaribu, fundi akaleta majibu kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila tutarudia mpaka tupate jibu sahihi, hahaha. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika pamoja kwenye jarida la Physics Education, na Mpemba kipindi hicho yuko chuo cha Mweka, hapo tu juu ya Moshi, anasomea wanyamapori. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu hiyo tabia ya maji ya moto kuwahi kuganda, 2016 kuna wa Uingereza walipima upya wakasema hawaioni, wengine wanashikilia ipo, na jina lake linatajwa kote.

Mi naona yule fundi ndo shule zetu nyingi. Waulize form four waliopita kwenye titresheni, lile jaribio la kemia la kupima asidi na besi, ukipata namba tofauti na ya jirani unapika data zifanane, maana maksi ziko kwenye jibu linalotegemewa. Ongeza na lugha, mtoto swali analo kwa Kiswahili ila darasani aulize kwa Kingereza, maswali mangapi yanafia hapo hapo mdomoni.

Na mtaani ndo tunalipa. Unakumbuka 2011, magari yalivyopanga foleni za kilometa kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, yule mchungaji aliyesema inaponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500, na ndani ya yale magari walikuwemo wasomi wazima. Mgonjwa simlaumu, mtu akiumwa anajaribu chochote. Ila aliyepona alipimwa wapi kabla, kapimwa wapi baada? Wachache sana waliuliza hivyo, na mtu aliyefundishwa tangu form one kwamba kuuliza ni ujuaji ukubwani ataanzia wapi?

Nenda kaonane na ticha, bila shari, darasa likijaa na mtihani unakaribia hata yeye anakimbizana na topiki. Muombe dakika kumi tu kijana alete alichokusanya. Baba D naye aambiwe maji ni topiki ya mtihani, sio ujuaji.

SWALI: Anti, mi mwalimu shule ya kata Moshi vijijini, maabara iko jengo tu, vifaa hakuna. Naanzaje? – Ticha wa Tambarare

JIBU: Anza na kupima mvua. Chukua chupa ya maji yenye pande zilizonyooka, kata juu, geuza kile kichwa kiwe faneli, chini jaza zege kidogo tako liwe bapa, gundisha rula nje na sifuri ianzie pale juu ya zege. Iweke uwanjani mbali na miti, mwanafunzi wa zamu asome milimita kila saa tatu asubuhi, amwage, aandike. Tafuta mwalimu mwenzio wa shule ya juu mlimani kwenye migomba nao wafanye hivyo hivyo, masika ikiisha mkutanishe madaftari. Na namba ikitoka ya ajabu isifutwe, waulizane kwanza nani alikuwa zamu, huenda kuna mbuzi kapita.