Jibu: Kaunti imekunyima hesabu za kisima cha kijiji

Pole ndugu. Kisima kilichimbwa, maji hakuna, na karani anakuuliza "hizo karatasi unazitakia nini?" Swali hilo huna lazima ya kulijibu. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia wa Kenya haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema sababu zako hazihusiki.

Acha kwenda kuuliza kwa mdomo. Andika barua, Kiswahili kinakubalika kabisa, na utaje karatasi zenyewe: mkataba wa zabuni, hati za malipo, cheti cha kukamilika kwa kazi. Mimi mara ya kwanza niliomba "habari zote za barabara yetu" nikazungushwa miezi. Peleka nakala mbili masjala, yako igongwe muhuri wenye tarehe. Huo muhuri ndio silaha yako, usirudi nyumbani bila huo.

Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kujiongezea 14 mara moja tu. Kuomba ni bure. Gharama halali ni ya kutoa nakala. Karani akitaka "chai", dai risiti.

Wakinyamaza, sheria inahesabu umekataliwa. Una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, na hapo hauhitaji wakili. Ila ukitishwa kwa ajili ya barua hiyo, usiendelee peke yako: mtafute wakili.