Kwa walinzi wapya wa mlangoni: mkono unaorudi palepale

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ulinzi hapa Lubumbashi, nimesimama kwenye milango ya benki, ya maduka na ya makampuni kwa miaka kumi na minne, na swali ambalo wapya wananiuliza kuliko mengine yote ni hili: yaya (yaani kaka), unajuaje kwamba mtu huyu ana bastola chini ya nguo? Jibu la kweli ni kwamba hujui. Unachoweza kuona ni jinsi mwili unavyojisumbua na mzigo ambao mwenyewe hataki uonekane, kisha ukampasha habari yule mwenye mamlaka ya kuuliza. Nawaomba mlishike neno hilo kabla ya kusoma yanayofuata, kwa maana mlinzi anayedhani kwamba anajua ni hatari kuliko yule asiyeona kitu.

Tuanze na uzito. Glock 17, bastola ya Austria iliyoenea duniani tangu miaka ya 1980, ikijazwa risasi zake 17 huwa na uzito wa gramu 900 hivi, na Browning Hi-Power iliyoanza kutengenezwa Herstal, Ubelgiji, mwaka 1935, hufikia kiasi hicho hata kabla ya kujazwa. Chukueni chupa ya maji ya lita moja, muichomeke kati ya suruali na tumbo, kisha mtembee kutoka mtaa wa Kenya hadi mtaa wa Kamalondo, humu humu mjini. Hamtafika mbali kabla mkono haujashuka wenyewe kuipandisha, kuisukuma pembeni, kuhakikisha kwamba haijateleza kwenda kwenye paja. Polisi au mwanajeshi aliyefundishwa huweka silaha yake katika ala iliyofungwa kwenye mshipi, nayo hutulia. Mhalifu mara nyingi huichomeka tu kiunoni bila ala, nayo humhangaisha njia nzima.

Mkono huo ndio ninaotaka muujue kuliko dalili nyingine yoyote. Hugusa kwa kiganja, kwa kiwiko au kwa upande wa ndani wa mkono, kwa muda mfupi sana, na macho ya mwenyewe hayaufuati. Mtu anayetafuta simu hugusa mfuko, akaitoa au akaitazama, na jambo linaishia hapo. Mwenye bastola hugusa, asitoe kitu, kisha baada ya dakika chache mkono unarudi palepale. Mtazameni hasa anaposhuka kwenye gari au pikipiki, anapoinuka kwenye kiti, anapomaliza kupanda ngazi, na pale mtu anapomgonga kwenye foleni, kwa sababu katika nyakati hizo silaha imesogea naye anataka kujua imekaa wapi. Kuna mguso mmoja ambao kwangu una thamani kuliko yote, nao ni ule unaotokea mara tu anapoiona sare yako au ya polisi aliye karibu nawe. Hakuinuka, hakugongwa, hakupanda ngazi. Ameona sare tu, na mkono umeshuka.

Baada ya mkono, angalieni mwendo. Kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kuume, bastola mara nyingi hukaa upande wa kuume wa kiuno au mbele ya tumbo kidogo kuelekea upande huo, na kwa sababu hiyo mkono wa kuume hubembea kidogo kuliko wa kushoto, na hatua ya mguu huo hufupika. Katika hali ya kawaida tofauti hii ni ndogo sana, nami ilinichukua muda mrefu kuiona. Mvua ndiyo iliyonifundisha. Mvua kubwa ya Januari inapoanguka ghafla, kila mtu barabarani hukimbia akirusha mikono yote miwili, na yule aliyeubana mkono mmoja kiunoni wakati wa kukimbia huonekana kutoka mbali.

Kuhusu nguo nitasema kidogo, kwa kuwa wapya huzitegemea kupita kiasi. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi kweli, kwa hiyo koti zito halikuambii lolote katika miezi hiyo. Koti lilelile likiwa limefungwa vifungo vyote saa nane ya mchana mwezi wa Oktoba ni habari nyingine. Shati lililotolewa nje ya suruali halina maana yoyote, maana nusu ya mji huvaa hivyo. Lenye maana kidogo ni koti ambalo mfuko wake mmoja unaning'inia chini kuliko mwingine, na mtu akigeuka mfuko huo unachelewa, kisha unagonga paja.

Angalieni pia upande anaokuficha. Mnapozungumza, mtu wa kawaida hukuelekea kwa kifua chote. Mwenye silaha hugeuza upande wake mmoja kuelekea ukutani, na ukihama mahali naye anahama, ili upande ule usiwe karibu nawe. Ndiyo maana mimi husalimia kila anayeingia. Nikisema, "Jambo papa, karibu" (papa kwetu ni baba, neno la heshima), na kunyosha mkono, nimempa heshima yake, na papo hapo nimeona mkono wake unatoka wapi. Aliyetoka kula au kufanya kazi ya uchafu atakupa kifundo cha mkono badala ya kiganja, nayo ni adabu ya kwetu, si dalili ya kitu.

Sasa nieleze kosa langu. Katika mwaka wangu wa tatu nilimwona papa mmoja akiingia huku ameubana mkono tumboni, akigusa kila baada ya hatua chache, naye amevaa koti siku ya joto. Nilimwambia polisi kwa sauti, "Huyu ana bunduki." Walimwangusha chini mbele ya watu wote. Alikuwa ametoka kupasuliwa ngiri, na alichokuwa akikishika ni kidonda chake. Nilimsindikiza hadi kwenye kituo cha afya kufungwa upya, naye hakunitukana, jambo lililoniumiza zaidi. Tangu siku hiyo najua kwamba mwili wenye maumivu na mwili wenye silaha hufanana sana. Vilevile wenye fedha. Katika mji ambao noti kubwa kabisa ni ya franki 20,000, anayebadilisha dolari mia chache anaondoka na bunda la noti, na mfanyabiashara aliyelifunga kiunoni huligusa kwa hofu ileile, hugeuza upande uleule, na ana haki ya kufanya hivyo.

Hata bastola ikiwapo kweli, bado hujui ni ya nani. Sheria ya Kongo namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inaruhusu raia kuwa na silaha kwa kibali, na kuna maafisa wanaofanya kazi bila sare. Sisi walinzi wa makampuni hatubebi bunduki; anayebeba ni polisi tuliyepewa, na kazi ya kuuliza na kupekua ni yake. Usimguse mtu, usimzibie mlango, usimkodolee macho, usiongeze sauti. Sogea taratibu mahali penye nguzo au ukuta kati yako naye, uache njia ya kutokea ikiwa wazi, kisha mwendee polisi kama mtu anayeuliza saa.

Na unapofika kwake, mwambie ulichokiona peke yake, uache kumwambia unachodhani. Mimi sasa husema hivi: "Shefu, papa mwenye shati la bluu, wa tatu kwenye foleni, ameshika kiuno upande wa kuume mara tatu tangu aingie, na mara ya mwisho ni alipokuona. Labda ni mgonjwa."