Gemu ya zamani inajifunga? Usikimbilie kupiga Windows upya

Mwezi wa saba baridi ya Uyole, hapa Mbeya, si ya kuchezea. Saa mbili usiku nipo kitandani, blanketi mbili, laptopu juu yake, nacheza Oblivion. Gemu hii ilitoka 2006 na bado naipenda kuliko nyingi za sasa: unatoka mjini, unaingia msituni, unaelekea unakotaka, na hakuna anayekupangia. Lakini mwaka jana ilikuwa inajifunga mara tatu nne kwa usiku mmoja, na kabla ya kujifunga inakuwa nzito mpaka upanga unainuka nusu.

Nikaipeleka kwa fundi Mwanjelwa. Aliiangalia kidogo tu, akasema, "Kaka, hapa tupige Windows upya." Nikakubali. Nilikuwa nimenakili folda ya gemu pembeni, nikidhani kila kitu kimo humo. Kumbe sevu, yaani faili zinazohifadhi pale ulipofikia, zinakaa kwenye Documents. Safari yangu ya miezi minne ikafutika, iliniuma sana, na usiku wa pili baada ya kuanza upya gemu ikajifunga vilevile.

Ndiyo maana leo mtu akinipigia simu kwamba gemu inamsumbua, namuuliza kwanza: inakufaje? Inaanza vizuri halafu inazidi kuwa nzito, au inajifunga ghafla? Na ikijifunga, ni mahali popote au palepale kila siku? Majibu hayo yanakwambia pa kushika.

Ikiwa inaanza vizuri na baada ya robo saa inakuwa nzito, fikiria joto kabla ya kitu kingine. Huku kwetu watu hawaliamini hili, kwa sababu chumba chenyewe ni baridi. Lakini laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini, na mimi nilikuwa nimeziba matundu yote kwa blanketi. Ongeza vumbi la kiangazi, lile linaloingia mpaka kwenye kabati lililofungwa. Tena Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, feni inahitaji kufanya kazi zaidi kuondoa joto lilelile. Prosesa ikikaribia digrii 100 inajipunguzia kasi ili isiungue, na huo ndio uzito unaouona. Nilipima kwa programu ya HWMonitor: juu ya blanketi, digrii 97. Nikaiweka juu ya kibao cha kukatia mboga, ikashuka hadi 85. Nikaifungua, nikatoa vumbi kwa brashi laini huku feni nimeishika kwa kijiti isizunguke, nikapaka upya ile krimu ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na bati la kupozea. Sasa haivuki 76. Kama hujawahi kufungua laptopu, mlipe fundi akufanyie, lakini mwambie wazi unataka usafi, hutaki Windows.

Ikiwa inajifunga ghafla, hasa unapoingia eneo jipya au ukiwa umejaza modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) za kuongeza ubora wa picha, tatizo huwa ni kumbukumbu, yaani RAM. Mdogo wangu anayesoma Iringa alinunua RAM ya GB 8 akaongeza juu ya 8 aliyokuwa nayo, na hakuona tofauti yoyote. Gemu hii ni ya biti 32, na jinsi ilivyotengenezwa haitumii zaidi ya GB 2, hata uwe na RAM kiasi gani. Dawa yake ni kiprogramu kidogo cha bure kiitwacho 4GB Patch. Kinabadilisha alama moja ndani ya faili la kuwashia gemu, na kwenye Windows ya biti 64 inaruhusiwa kufika GB 4. Nakili faili hilo pembeni kabla hujaligusa. Mdogo wangu alifanya hivyo, akapunguza na modi za picha, na tatizo likaisha.

Uzito wa msituni peke yake, wakati mjini inakwenda vizuri, ni majani. Fungua Oblivion.ini, faili la mipangilio ya gemu, tafuta iMinGrassSize, ambayo kwa kawaida ni 80, weka 120. Namba ikipanda, majani yanapungua. Na kama laptopu yako ina kadi mbili za picha, hakikisha gemu inatumia ile yenye nguvu.

Ikijifunga palepale kila mara, rudi kwenye sevu ya zamani kidogo. Ikipita, sevu mpya imeharibika. Isipopita, zima modi uliyoweka mwisho ujaribu tena, ila usisevu juu ya ile ya zamani mpaka uwe na hakika. Mimi situmii tena sevu ya haraka inayojiandika juu ya ile iliyotangulia. Betri yangu imechoka, na umeme ukikatika katikati ya kusevu, unabaki na faili nusu. Kila mara natengeneza sevu mpya kwenye menyu na kubakiza kumi za mwisho.

Folda ya sevu ipo Documents, ndani ya My Games, ndani ya Oblivion, inaitwa Saves. Yangu naiweka kwenye flashi kila Jumapili jioni.