Unaanza Civilization VI? Achana na maajabu, jaza miji kwanza

Jumamosi saa tisa usiku nimeshinda Civilization VI, gemu ya kujenga taifa kwa kucheza zamu kwa zamu, ngazi ya ugumu ya King kwa mara ya kwanza, kwa njia ya sayansi, nikasimama sebuleni peke yangu mikono juu nimeziba mdomo ili watu wasiamke. Wiki iliyopita dogo mmoja aliniandikia "bro hii gemu naanzaje mbona napigwa kila siku", nikamwambia subiri. Sasa dogo nakujibu.

Mwanzoni nilichukua Misri ya Cleopatra kwa sababu maajabu (yale majengo makubwa ya kihistoria) wakijenga kando ya mto wanapata 15% ya kasi, nikasema basi mapiramidi ni yangu. Mji mmoja tu, na piramidi linataka uzalishaji wa 220 wakati setla wa kwanza, yule anayeanzisha mji mpya, ni 80. Askari wangu wa kwanza nilimtuma mbali kutembea. Akaja skauti (mpelelezi) wa wale washenzi wasio na taifa, akasimama pembeni ya mji, alama nyekundu ya mshangao ikamtokea kichwani, mi nikamwangalia tu akakimbia zake. Jamani! Yule akishafika kambini kwao ujue umeshachomwa. Zamu chache mbele wakaja kundi zima, wakanitekea na fundi wangu, na piramidi lenyewe taifa lingine likamaliza kabla yangu. Nikamsimulia rafiki yangu akaniambia hizi gemu zina watu wake. Hiyo kauli mpaka leo inaniuma.

Safari hii nilianza na skauti, kisha mpiga kombeo, halafu masetla tu, kila mji ukifika watu wawili natoa setla mwingine (anakula mtu mmoja wa mji, usishangae). Kufika zamu ya 80 nina miji mitano. Mji weka kwenye mto au ziwa, hapo unapata makazi 5 (nafasi ya watu kuishi), pwani ni 3, pakavu ni 2 na watu wanagoma kuongezeka mapema sana. Mpiga kombeo akiua adui mmoja unapunguziwa utafiti wa upinde, kwa hiyo usimfiche ndani. Kampasi, yaani mtaa wa sayansi wa mji, ibane kwenye milima, kila mlima unaongeza sayansi. Katikati hapo sina cha kuwaambia, ni kubonyeza zamu inayofuata mpaka macho yawashe.

Ila vijana mnapenda vya kung'aa, mnataka maajabu kabla ya kuwa na wananchi, mnaacha mji bila hata askari mmoja halafu mnalalamika gemu inaonea. Haionei. Ongeza miji. Muue yule skauti. Nimesema ongeza miji. Na anza ngazi ya Prince, huko kompyuta haipewi upendeleo wowote, ukipigwa ujue ni wewe.

Rafiki yangu nimemtumia picha ya skrini ya ushindi. Ameiona tangu jana asubuhi.