Acheni watoto wakwame: kwa walimu wapya wa hisabati

Wadogo zangu wa field, mliokuja kwa mazoezi ya kufundisha, na ninyi mlioripoti juzi na barua za ajira mkononi, karibuni Dar. Muhula huu nimekaa nyuma kwenye vipindi vyenu vingi, kidato cha kwanza na cha pili, na nimefurahi kuona mnaingia darasani na mafumbo, vifuniko vya soda na manila zilizochorwa usiku. Msiliache jambo hilo. Kinachoniuma ni kwamba fumbo zuri mnalibeba vizuri mpaka mlangoni, mkishaingia mnaliua wenyewe. Kila kundi la field linarudia yaleyale, kwa hiyo safari hii naandika.

1. Fumbo si peremende ya mwisho wa kipindi. Maandalio yenu ya somo yanaonyesha fumbo kwenye dakika tano za mwisho, kama zawadi kwa waliomaliza zoezi. Wanaomaliza ni walewale, na kengele inagonga wengine hata swali hawajalinakili. Liwekeni mwanzoni, tena siku ya vipindi viwili mfululizo. Mkuu wa idara akiuliza silabasi itaisha lini, mwonyesheni mada iliyobebwa na fumbo hilo. Kama hamna mada ya kumwonyesha, basi mmechagua fumbo lisilofaa kwa siku hiyo.

2. Msikimbilie jibu sahihi. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa.

Mwenzenu mmoja, sitamtaja kwa sababu ni mwalimu mzuri na atazidi kuwa mzuri, alichora ubao wa drafti kwa rula ya ubao, nane kwa nane, umenyooka kabisa. Akauliza: ubao huu una miraba mingapi? Darasa zima likaitikia, "Sitini na nne!" Akatikisa kichwa. Kimya. Watoto wakaanza kutazamana. Kijana mmoja wa mbele akasema sitini na tano, na ule mkubwa wa nje uhesabiwe. Hapo darasa likachemka. "Kuna ya minne minne!" "Hata ya tisa tisa ipo!" Waliokaa pembeni wakasimama ili waone ubao. Kwa mwalimu wa hisabati, mchana wa Dar na joto lake, sijui mnataka nini zaidi ya hapo.

Ndipo mkono mmoja ukanyooka, wa kijana anayekwenda tuisheni. "Mia mbili na nne." Mwalimu akaruka kwa furaha. "Vizuri sana! Mpigieni makofi ya kilo!" Pa, pa, pa. Akaandika ubaoni 64 + 49 + 36 + 25 + 16 + 9 + 4 + 1 = 204, akasema, "Andikeni." Vichwa vyote vikainama.

Ubavuni mwangu alikaa binti mmoja, dawati la mwisho, ambaye sijawahi kumsikia akijibu swali. Alikuwa ameuchora ubao ule kwenye daftari lake, akakata kikaratasi chenye ukubwa wa miraba minne midogo, akakiweka kwenye kona ya juu. Akawa anakisogeza kulia chumba kimoja kimoja, midomo ikihesabu bila sauti. Kikaratasi kikasimama mara saba, kikafika ukingoni. Akakishusha mstari mmoja, akaanza tena, alipofika mara ya tatu akaacha. Hakuhitaji kuendelea, alishaona kwamba kila mstari utampa saba. Alikuwa anaanza kuhesabu ni mistari mingapi kikaratasi kinaweza kushuka. Hatua moja tu na 49 ingekuwa mali yake. "Andikeni" ikamkuta hapo. Akakitia kikaratasi kwenye mkebe, akanakili. Kipindi kilipoisha nikamuuliza ile 49 imetoka wapi. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu kaandika."

Nilitoka pale nikiwa na uchungu, na bado ninao. Hakuna aliyemkemea yule binti, hakuna aliyemchapa, na mwalimu wake anampenda. Lakini hesabu aliyoanza kuifumbua kwa mikono yake ilichukuliwa, akapewa ya kunakili. Watoto wetu wengi wanaosema "hesabu sizijui" wamefika hapo kwa njia hii: kila walipokaribia, mtu aliwawahi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Jibu la kwanza likitoka, liandikeni ubaoni bila kusema ni sahihi au si sahihi. La pili hivyo hivyo. Ziandikeni 64, 65 na 204 zikae pamoja, na uso wako usiseme kitu. Kisha ulizeni nani anaweza kuwashawishi wenzake. Wa tuisheni mara nyingi anajua namba bila kujua sababu, naye anastahili kuijua sababu. Wakikwama kabisa, wapunguzieni ubao. Miwili kwa miwili una miraba 5, mitatu kwa mitatu 14, minne kwa minne 30. Wachore jedwali. Atatokea mtu wa kuona kwamba kila hatua inaongezeka 4, 9, 16, na huyo mwacheni awafundishe wenzake. Wewe tembea kati ya madawati, na kama mkono unawasha kushika chaki, iache mezani.

Wazee wetu walilijua hili kwenye vitendawili. Ukishindwa hupewi jibu hivihivi: unaambiwa utoe mji, na aliyetega anaufaidi kwanza ndipo afumbue. Mimi nauleta utaratibu huo darasani. Kundi linalotaka kukata tamaa linipe mji, tena liniambie limejaribu njia gani na imegoma wapi. Kundi moja lilinipa Kariakoo, darasa likapinga kwamba Kariakoo si mji, wakabishana mpaka kundi lile likaona heri lirudi kwenye fumbo.

Mwenzenu yule nilimweleza haya baada ya kipindi, naye akalirudia fumbo kwenye mkondo B. Halikuisha. Siku iliyofuata wakati wa mapumziko alikuja ofisini akifuatwa na wanafunzi waliotaka kujua kama ubao usiokuwa mraba, tuseme mitano kwa minane, unafuata utaratibu uleule. Hesabuni wenyewe kabla hamjaulizwa. Jibu ni 100 kamili.

3. Waacheni wabishane kwa Kiswahili. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anayejua namba shufwa na witiri, kigawe kidogo cha shirika, MAGAZIJUTO (mpangilio wa matendo) na mcheduara, anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu kimebadilika jina, kimekuwa cha Kiingereza. Hoja anayo, maneno hana. Nimeona watoto waliokuwa moto darasa la saba wakigeuka mabubu Januari, na walimu wakaandika kwamba ni wazito. Kwenye mafumbo ubishi uwe wa Kiswahili, kisha kundi liandike jibu kwa Kiingereza cha mtihani, na wewe uwasaidie hapo kwenye kuandika. Fumbo la mtu anayevuka mto na chui, mbuzi na majani linafaa sana kuanzia, kwa kuwa hadithi wengi wanaijua. Waambieni wathibitishe kwamba safari 7 ndizo chache kuliko zote. Hadithi waliyoizoea inageuka kuwa hesabu ya kweli, na wanaona kazi iliyomo kwenye neno "thibitisha".

4. Msifanye kila kitu mashindano ya mbio. Mkitaka mashindano, shindanisheni njia: kundi lenye njia nyingi tofauti za kufikia jibu moja ndilo linalopata pointi.

5. Kazi mradi isidai pesa. Nasema kwa ukali kwa sababu nimeona mtoto akikaa nyumbani siku mbili kwa kukosa ya manila. Maboksi yapo madukani, vifuniko vya soda vipo, magazeti ya zamani yapo ofisini kwetu. Na jihadharini na miradi inayochungulia nyumba za watu. Kuwaambia walete risiti za Luku ni hesabu nzuri, lakini darasani kuna mtoto ambaye kwao hakuna umeme. Badala yake wapelekeni kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, kuuliza bei: mafuta ya kupima, kipimo kidogo kabisa, na ya lita nzima. Wakokotoe kila kipimo kingefikisha lita kwa shilingi ngapi. Watakuta anayenunua kidogo kidogo mara nyingi ndiye anayelipa zaidi kwa lita, na msishangae darasa likinyamaza kwa fikra, maana wengi wao ndio wanaotumwa dukani. Msiwahubirie kuhusu kuweka akiba. Waulizeni kwa nini mtu mwenye akili timamu ananunua hivyo, muone majibu yao.

Mradi ninaoupenda kuliko yote ni tangi la maji la shule. Ubavuni limeandikwa lita 5,000. Je, ni kweli? Wape kamba, rula ya ubao na dakika 40. Ugomvi wa kwanza ni wapi pa kuzungusha kamba, kwa kuwa tangi lina mikunjo na ukizungusha kwenye tuta unapata mzingo tofauti na wa kwenye bonde. Ugomvi wa pili ni kimo: mabega ya juu ya tangi yamejipinda, je, yahesabiwe? Tuseme wamepata mzingo wa mita 5.6 na kimo cha mita 2. Kwa pai ya 22/7 nusu kipenyo inakuja kama mita 0.89, na ujazo karibu lita 4,990. Kundi jingine litapata 4,600, jingine 5,300. Hapo ndipo somo lilipo, kwenye kutetea vipimo vyao, kwa hiyo msiseme nani kapatia. Anayeuliza "sasa jibu ni lipi?" mrudisheni kwenye tangi na kamba.

Kuhesabu daladala barabarani kunavutia, najua. Msiwatoe watoto nje ya geti bila ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi. Hesabieni kupitia uzio.

6. Bao. Mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji ana mashimo yake 16 yanayozunguka. Yape namba 1 mpaka 16, waulize: nikichukua kete 5 kutoka shimo la 14 na kuzipanda moja moja kwenda mbele, ya mwisho inaangukia wapi? Shimo la 3. Na kete 21 je? Bila kutaja mada, mtoto anagawanya kwa 16 na kushughulika na baki. Kanuni zote za kula na kutakata waachieni wazee wa kijiweni. Ila mwambieni mkuu wa shule mapema, asije akapita dirishani akakuta darasa zima linacheza bao saa nne asubuhi.

7. Fumbo lifanyeni wenyewe kwanza, mpaka mwisho, kwa njia mbili.

8. Lakini leteni pia fumbo msilolijua. Hili linawatisha wengi wenu, mnadhani mwalimu akisema "sijui" heshima imekwisha. Jaribuni hili: chukua namba yoyote nzima kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3, ongeza 1. Rudia mpaka ufike 1. Ukianza na 6 unapata 3, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Wakishazoea wapeni 27 waende nayo nyumbani. Inapanda mpaka 9,232 kabla ya kuanguka, na inachukua hatua 111 kufika 1, kwa hiyo atakayekosea hatua moja tu atapotea, na wataanza kukaguana bila kuambiwa. Swali hili linahusishwa na Mjerumani Lothar Collatz, tangu mwaka 1937, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba kila namba itafika 1. Waambieni hivyo hivyo. Mtoto wa kidato cha kwanza akisikia kuna swali analielewa lote na dunia nzima haijalimaliza, anakaa vingine kwenye dawati.

9. Kusahihisha: alama nyingi ziende kwenye maelezo, chache kwenye jibu, na muwaambie hivyo kabla hawajaanza.

10. Tarehe 14 Machi, Siku ya Kimataifa ya Hisabati, msiimalizie kwenye hotuba. Kila mtoto aje na kitu cha duara kutoka jikoni kwao, sufuria, sahani, kifuniko cha ndoo, apime mzingo na kipenyo, agawanye, aandike jibu lake kwenye boksi moja kubwa ukutani. Msifute yaliyotoka 2.9 wala 3.4 badala ya pai. Wenye majibu hayo wapime tena mbele ya wenzao.

Kuna kaunta buku kwenye kabati la idara, rafu ya chini. Kabla hamjaondoka field, kila mmoja aandike humo fumbo moja alilolitumia, lilikokwamia, na maneno ya watoto walipokwama, kama walivyoyasema. Kundi la mwakani litaanzia hapo.