Taa moja ya MX-5 imegoma kuinuka

Pole ndugu. Umesema Mazda MX-5 yako ya 1992, kigari cha michezo chenye taa za mbele zinazoinuka, inainua taa ya kulia tu, ya kushoto imelala, gari linakonyeza watu njiani. Usikimbilie kununua mota ya kuinua taa. Fyuzi nayo iache. Ingeungua, zote mbili zingelala.

Kwanza chomoa waya wa hasi wa betri, iko kwenye buti. Hapa usifanye mzaha: mota ikishtuka ghafla, kidole kimeshabanwa. Fungua boneti, tafuta mota ya taa hiyo. Ina kifuniko kidogo cha mpira. Kivue, utaona kishikio cha kuzungusha kwa mkono. Kizungushe taratibu. Ni mizunguko mingi, mkono utachoka, ila taa itapanda.

Kikiwa kizito mno, shida ni viungo vya chuma: kutu na grisi iliyokauka. Safisha, paka mpya. Kikizunguka laini, kagua plagi ya mota, pale nyaya zinapochomekwa. Yangu ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye pini; nikaisugua kwa mswaki mkavu, ikaamka. Na usiivute taa yenyewe kwa nguvu, utavunja gia.