Nahamia Texas, nyumba ya Minneapolis naiachia mpangaji: lazima niiandikishe?

SWALI: Dada, pole na kazi. Mi ni nesi hapa Minneapolis, tulinunua nyumba yetu 2019, vyumba vitatu juu na kimoja besmenti, sasa nimepata kazi Texas na mwezi ujao tunahama. Nyumba siuzi. Kuna familia ya kanisani, watu wa nyumbani kabisa, baba mama na watoto wanne, wako tayari kuingia hata kesho, kodi watanitumia kwa Zelle kila mwisho wa mwezi. Jirani ananiambia eti lazima niiandikishe kwa city kwanza. Hiyo si ni ya wenye maghorofa? Yangu ni nyumba moja tu na hawa ni kama ndugu. Nielekeze kabla sijawapa funguo. Nesi wa zamu ya usiku.

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kuuliza mapema, manake wengi hutuandikia wakishapata barua. Jirani yako amesema kweli. Hapo Minneapolis ukishahama ukaacha watu ndani wanakulipa kodi, nyumba inataka leseni ya kupangisha, iwe ghorofa la milango 100 au kanyumba kamoja, na kusali pamoja hakubadilishi kitu. Yako haijawahi kupangishwa kwa hivyo kuna ada ya kuigeuza, dola 1,000, hiyo ni mara moja tu, alafu kuna ya leseni yenyewe kila mwaka. Najua inauma, tena mwezi wa kulipa lori la kuhama. Lakini huko Minnesota kuna mwenye nyumba amefika kortini kudai kodi, akaulizwa leseni iko wapi, akatoka mikono mitupu, na ukiwa Texas utadai na nini?

Pamoja na hiyo ada anakuja inspekta. Na hapo kwa chumba cha besmenti ndio roho yangu imekwama. Kuna wakati nilienda kumsaidia rafiki kuandaa nyumba yake kabla inspekta hajafika, tukashuka chini, kadirisha kako juu karibu na dari, kamepakwa rangi miaka na miaka mpaka kameshikana na fremu, tukasukuma wawili kakakataa, na chini yake kuna dabo deka ya watoto. Moto ukianzia kwa ngazi hao watoto wangetokea wapi? Sijasahau mpaka leo. Kwa hivyo leo ukitoka zamu, kabla hujalala, shuka na tepu. Dirisha jipya la kutokea moto ukiwaka, sheria ya ujenzi inataka likifunguka nafasi isipungue inchi 20 upana na inchi 24 kwenda juu, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Nyumba za zamani zina vipimo vyake, inspekta ndiye atakwambia, lakini kama mtoto hawezi kulifungua mwenyewe na kupenya, hicho si chumba cha kulala hata kama nyinyi mlikilalia. Usikiweke kwa hesabu ya vyumba. Angalia pia kengele za moshi na za kaboni monoksaidi, hiyo ya kaboni iwe ndani ya futi 10 ya kila chumba cha kulala.

Ukipita vizuri hawakusumbui sana, nyumba nzuri wanaikagua kila miaka 8, yenye matatizo kila mwaka.

Na kwa vile utakuwa mbali watataka jina la mtu anayeishi huko karibu. Usiandike mtu kwa heshima tu, andika yule atashika simu Januari saa tisa usiku fanesi ya kupasha nyumba joto ikizima na kuna theluji hadi mlangoni.

Mengine ni ya simu: mjulishe mthamini wa city ndani ya siku 30 baada ya kuhama kwamba huishi tena hapo, manake lile punguzo la ushuru wa nyumba, homstedi, ni la anayeishi ndani, kisha bima wakubadilishie iwe ya nyumba ya kupangisha, ile ya sasa inaweza kukuruka siku ya janga. Depoziti usiitishe zaidi ya kodi ya mwezi mmoja, city imeweka kikomo.

Hao wa kanisani waambie wangoje leseni itoke, na uwaambie sababu. Waite waje, ushuke nao besmenti, uwaonyeshe hilo dirisha kwa macho yao, manake watoto ni wao.